Kovu Linalopita Mpaka Wake: Somo Juu ya Keloidi

Jitazameni mwilini. Ni vigumu kumpata mtu mzima asiye na kovu. Pengine ni alama ya jembe mguuni, au ya moto mkononi, au ya chanjo begani. Makovu mengi hayana neno: kidonda kilifunga, ngozi ikatulia, mtu akasahau. Lakini kuna kovu lisilotulia. Kidonda kimekwisha kupona, na kovu bado linakua. Linavimba, linawasha, linauma, tena linatoka nje ya mahali palipokatwa. Kovu la namna hiyo waganga huliita keloidi.

Watu wengi huja hospitali wakiwa wamechelewa. Wamekwisha kukatwa kijijini mara moja, mara mbili, na kila mara keloidi imerudi kubwa kuliko ya kwanza. Fedha imekwisha, na moyo umechoka. Basi neno kubwa la somo hili ni hili: keloidi ni rahisi kuizuia kuliko kuiondoa. Mtu akijua kwamba ngozi yake ni ya namna hiyo, ailinde mapema, tena aseme kabla ya kukatwa.

1. KELOIDI NI KITU GANI?

Fikirini mvuvi wa Ziwa Upemba. Wavu wake umepasuka. Anakaa chini, anachukua uzi, anashona tundu. Tundu likifungwa, anakata uzi na kwenda zake. Mwili wetu unafanya vivyo hivyo. Ngozi ikikatwa, mwili unafuma nyuzi ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Jina la nyuzi hizo ni kolajeni. Ndizo zinazofunga kidonda. Kazi ikiisha, mwili unaacha kufuma, na katika miezi inayofuata unapunguza nyuzi zilizozidi. Ndiyo sababu kovu la kawaida huanza likiwa gumu, kisha hulainika.

Kwa mtu mwenye keloidi, mwili haukati uzi. Unaendelea kufuma, hata kupita tundu, hata juu ya wavu mzima usiopasuka. Basi ndani ya keloidi hamna usaha, wala maji, wala mdudu. Anayeipasua akitafuta uchafu wa kutoa hatauona. Atakuta nyuzi tu, na kwa kupasua ameuita mwili uanze kufuma tena.

Lazima kutofautisha mambo mawili. Kuna kovu nene, ambalo huinuka katika majuma ya kwanza, lakini linakaa ndani ya mipaka ya kidonda. Kovu hilo mara nyingi hupungua lenyewe katika mwaka mmoja au zaidi. Keloidi ni nyingine. Inaweza kuanza miezi mingi baada ya kidonda kupona, hata mwaka na zaidi. Inapita mpaka wa kidonda, na kwa kawaida haiondoki yenyewe. Chanzo chake kinaweza kuwa kidogo kama chunusi ya kifuani ambayo kijana ameisahau.

2. JE, NI KANSA? JE, INAAMBUKIZA?

Hapana, na tena hapana. Watu wameogopa jambo hili tangu zamani, hata waganga wakubwa. Mwanzoni mwa karne ya 19, Jean-Louis Alibert, mganga wa ngozi huko Paris, Ufaransa, aliyaeleza makovu haya. Aliona jinsi yanavyonyosha miguu pembeni kama kaa wa majini. Kwanza aliyapa jina linalofanana na kansa. Baadaye akalibadilisha, ili watu wasichanganye mambo mawili. Jina alilolichagua latoka katika neno la Kiyunani la gando la kaa, na ndilo jina tunalotumia hata leo.

Keloidi haiendi kula maini wala mapafu. Inakaa katika ngozi. Haimpati mtu kwa kushikana mikono, wala kwa kula katika sahani moja, wala kwa kulala kitanda kimoja. Mume asimkimbie mke wake kwa sababu hiyo, wala mama asimkataze mtoto kucheza na mwenzake.

Lakini jihadharini na mambo matatu. Uvimbe uliotokea mahali pasipokuwa na kidonda cho chote, mwonyeshe mwuguzi. Kovu la zamani, hasa la moto, likifunguka lenyewe na kuwa donda lisilopona, njoo upesi, maana kansa inaweza kuanza hapo. Tena alama ya ngozi isiyosikia kitu ukiigusa inaweza kuwa ukoma, ambao unatibiwa kwa vidonge na kupona. Keloidi inasikia, mara nyingi inasikia kupita kiasi.

3. NANI HUPATA KELOIDI?

Watu wa rangi zote hupata, lakini sisi wenye ngozi nyeusi hupata zaidi. Tena inafuata ukoo. Kama baba, mama, au ndugu wa tumbo moja anayo, wewe nawe ujihadhari. Huwapata hasa wale walio kati ya miaka 10 na 30. Kwa wanawake wengine inakua zaidi wakati wa mimba.

Mahali pake mwilini panajulikana: kifua katikati, mabega, mgongo wa juu, ndewe za masikio, taya na kidevu, na kisogo. Katika viganja na nyayo ni nadra sana. Basi kidonda kidogo cha kifuani kinaweza kuleta taabu kubwa kuliko jeraha kubwa la mguu.

4. SI LAANA

Wengine wanasema, “Huyu amerogwa,” au, “Babu zake wamemkasirikia,” au, “Alifanya dhambi ya siri, nayo imetoka nje.” Kijana anayesikia maneno hayo anaanza kufunga shingo yake kwa kitambaa hata wakati wa joto. Anaacha kuimba katika kwaya. Msichana anakataa kuonekana mbele ya watu, na jamaa ya mchumba wanaanza kunong’ona.

Ndugu, mnakumbuka jinsi wanafunzi walivyomwuliza Bwana juu ya yule aliyezaliwa kipofu, nani alikosa, yeye au wazazi wake. Bwana hakukubali hesabu yao. Nasi tusiifanye. Keloidi ni ngozi inayopona kupita kiasi. Haina mashtaka juu ya mtu ye yote. Anayelipa mbuzi ili aondolewe laana amepoteza mbuzi, na kovu liko pale pale.

5. WAZEE WETU WALIIJUA NGOZI

Katika nchi ya Waluba wanawake walichanjwa chale za uzuri mwilini, hasa tumboni. Kwa Kiluba alama hizo ziliitwa ntapo. Wachongaji waliziweka katika mti pia. Vigoda vya watawala wa Waluba vina mwanamke aliyechongwa akibeba kiti kwa kichwa na mikono, na tumboni mwake huonekana makovu yaliyoinuka. Kazi za wachongaji hao ziko hata leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Desturi yenyewe ilipungua sana katika karne ya 20.

Hatuandiki hayo ili kuwacheka wazee. Tunataka kujifunza kwao. Mafundi wa chale katika sehemu nyingi za Afrika walitaka kovu lipande, nao walijua la kufanya. Kwanza, walikata ngozi ndani, si juu juu tu. Pili, walitia masizi au dawa ya kuwasha katika kidonda, ili kisitulie upesi. Tatu, pengine walirudi kukata mahali pale pale. Mambo matatu: kukata, kusumbua, kurudia.

Basi anayetaka kovu lake lisipande, na afanye kinyume cha yale matatu. Tuyatazame moja moja.

6. USIKATE PASIPO SABABU

Kama katika ukoo wenu kuna keloidi, msiwatoboe watoto masikio. Waganga wameona kwamba hatari ni kubwa zaidi kwa wanaotobolewa baada ya miaka 11, wakati ule ule wasichana wanapopenda hereni. Hereni za kubana bila tundu zinapendeza vilevile. Tena mwenye keloidi katika sikio moja asitoboe sikio lingine akidhani hilo litakuwa salama.

Msichanjwe chale za dawa. Wembe unaopita kutoka mtu hata mtu unaleta ukimwi, na ugonjwa wa maini, na pepopunda, na juu ya hayo unaleta keloidi. Picha za wino katika ngozi ni vivyo hivyo.

Vijana, msikamue chunusi za kifuani na mgongoni. Zikiwa nyingi, njooni hospitali, dawa zipo. Ninyi mnaonyolewa kwa kinyozi, mwambieni asikwangue kisogo kwa wembe. Nywele fupi zilizokatwa kwa mashine, pasipo kufika kwenye ngozi, zinatosha. Mwenye vipele vya ndevu aache ndevu ziote kidogo, wala asing’oe nywele kwa sindano.

7. USISUMBUE KIDONDA

Ukijikata, osha kwa maji safi na sabuni. Ondoa mchanga wote. Paka mafuta safi ya vaselini, funika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, na ubadilishe kila siku. Kidonda kinachokaa na unyevu kidogo, chini ya kitambaa safi, kinapona upesi kuliko kile kilichoachwa kukauka na kupasuka. Kama kidonda ni kirefu au kiko wazi, njoo siku ile ile kishonwe. Usingoje kesho.

Msitie majivu, wala kinyesi cha ng’ombe, wala chumvi, wala unga wa betri, wala dawa ya meno. Hayo yote yanafanya kazi ya masizi ya fundi wa chale: yanasumbua kidonda. Gaga likiwasha, usilibandue. Mtoto mwenye tetekuwanga akatwe kucha, ili asijikune hata damu.

Juu ya moto, sikilizeni vizuri. Katika nyumba zetu hatari iko karibu: sufuria ya maji ya bukari inayochemka, mafuta ya kukaangia, makala, na bomba la moto la pikipiki linalochoma mguu. Mtu akiungua, mwage maji safi ya baridi juu ya mahali palipoungua kwa dakika 20. Si dakika 2, ni dakika 20. Kisha funika kwa kitambaa safi na umlete. Kidonda cha moto kinachopita majuma mawili au matatu bila kufunga ndicho kinachoacha kovu baya. Basi msingoje majuma hayo yaishe nyumbani.

Mkishonwa, rudini siku mliyoambiwa ili nyuzi zitolewe. Katika majuma ya kwanza msinyoshe kovu kwa kazi nzito. Mwenye mshono begani asibebe gunia la makala. Mwenye mshono tumboni asitwange. Ngozi inayovutwa inaita nyuzi zaidi.

8. SEMA KABLA YA KISU

Wengi hawafanyi jambo hili, nalo halina gharama. Ukifika kwa daktari kwa kazi yo yote ya kukata, sema, “Mimi nina keloidi,” au, “Mama yangu ana keloidi.” Onyesha mahali. Daktari akijua, ataweza kupanga mshono usivutwe sana, na kukutazama miezi inayofuata, na kuanza dawa mapema kovu likianza kuinuka.

Lakini angalieni, msikatae upasuaji wa lazima kwa kuogopa kovu. Mama ambaye mtoto wake amekwama anahitaji kupasuliwa, hata kama ana keloidi kumi. Kovu halimwui. Uchungu uliokwama unaua wawili.

Vivyo hivyo na chanjo. Mtoto mchanga hupewa BCG ili kumlinda na kifua kikuu kibaya cha watoto. Inaacha kovu dogo mkononi, na hilo ni la kawaida. Pengine keloidi hutokea hapo baadaye, lakini kifua kikuu cha ubongo ni kibaya mara nyingi zaidi. Mleteni mtoto. Kama ukoo una keloidi, mwambieni mwuguzi tu.

9. KAMA IMEKWISHA KUOTA

Kwanza, usikubali ikatwe na kuachwa hivyo. Hii ndiyo kurudia kulikosemwa katika habari za chale. Hesabu za madaktari zaonyesha kwamba keloidi ikikatwa tu, pasipo matibabu mengine, hurudi kwa watu 45 au zaidi katika kila 100, na mahali pengine kwa karibu wote. Mara nyingi inarudi kubwa kuliko kwanza. Kuifunga kwa uzi au unywele mpaka ianguke ni kukata pia, tena kwa uchafu. Usiichome kwa asidi wala kwa chuma cha moto.

Pili, njoo mapema, ikiwa bado ndogo. Matibabu yapo, na haya ndiyo makubwa:

Sindano. Daktari hupiga dawa iitwayo triamsinoloni ndani ya kovu lenyewe. Inalainisha, inapunguza kuwasha na maumivu, na kovu hushuka. Si sindano moja. Hurudiwa kila baada ya majuma 4 hadi 6, mara kadhaa. Inauma kidogo, na pengine ngozi ya hapo inakuwa nyeupe au nyembamba. Mwenye mimba au mwenye ugonjwa wa sukari aseme kwanza. Msinunue dawa hii sokoni na kupigana sindano nyumbani. Wala msidhani kwamba mafuta ya kuchubua ngozi ni dawa ya keloidi.

Kubana. Kovu la moto hubanwa kwa nguo maalum mchana na usiku kwa miezi mingi. Ndewe ya sikio hubanwa kwa kibanio chake baada ya keloidi kuondolewa.

Silikoni. Ni karatasi laini au mafuta yanayowekwa juu ya kovu lililokwisha kufunga, si juu ya kidonda kibichi. Huvaliwa saa 12 au zaidi kila siku, kwa miezi 2 au 3 kwa uchache.

Baridi kali. Katika hospitali zenye chombo chake, kovu dogo hugandishwa kwa baridi ili lipungue.

Kukata pamoja na dawa. Keloidi kubwa inaweza kukatwa na daktari, ikiwa sindano au mionzi itafuata kwa mpango. Kwa wengi wetu hiyo ni safari ya Lubumbashi au mbali zaidi. Kabla ya kupanda gari-moshi, mwulize daktari: “Baada ya kukata, nitapata nini ili isirudi? Nani atanipiga sindano nikirudi Kamina?” Kama hakuna jibu, usikatwe bado.

Tunasema kweli mapema: si kila keloidi inaisha kabisa. Nyingine zinarudi hata baada ya matibabu mema. Lakini kuwasha kunaweza kupungua, maumivu yanaweza kutulia, na kovu linaweza kulala chini hata mtu akasahau. Hayo si madogo kwa mtu ambaye hakulala usiku kwa kujikuna.

10. NENO KWA JAMAA NA KANISA

Usimwulize mtu juu ya kovu lake mbele ya watu. Usiliguse kwa kidole. Kama kijana ameacha kuja kwaya, mwende nyumbani mkamwite, na mumwambie kwamba nafasi yake ipo. Kama msichana anachumbiwa na jamaa wanaogopa, wasomeeni sehemu ya 2 ya somo hili. Na wewe mwenye keloidi, lisome somo hili pamoja na watoto wako, maana ngozi yao ni ngozi yako. Wajue mapema kuliko wewe ulivyojua.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kovu nene na keloidi, tofauti yake ni nini?
2. Taja mahali patano mwilini ambapo keloidi hupenda kuota.
3. Fundi wa chale alifanya mambo gani matatu ili kovu lipande? Nasi tufanye nini?
4. Mtu akiungua, maji yamwagwe kwa dakika ngapi?
5. Utamwambia nini daktari kabla ya kukatwa?
6. Jirani yako anataka kupeleka keloidi yake ikatwe kwa wembe kijijini. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?